Wasafishaji Wawili Walio Ndani ya Damu

Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa mabaraza ya wananchi, Chara, Kaunti Ndogo ya Tana Delta

  

Katika masoko yetu hakosekani mtu mwenye kipaza sauti na meza iliyojaa chupa. Chupa moja ni ya nguvu, nyingine ni ya mgongo, na kuna ile inayopendwa zaidi, ya kusafisha damu. Mtu huuza kuku wawili ili ainunue, akiamini kwamba damu yake imechafuka na chupa itaitakasa. Wakati huohuo mtoto wake ana homa ya siku mbili, na nauli ya kwenda zahanati imekwisha.

Mazungumzo haya yanahusu usafishaji wa damu, lakini ule wa kweli, unaofanyika ndani ya kila mmoja aliyeketi hapa tangu kabla hajazaliwa. Damu ya binadamu ina wasafishaji wake. Wawili kati yao wana kazi moja maalumu, nao hufanya kazi vizuri sana mpaka siku uchafu unapowazidi. Kuwafahamu kunasaidia kueleza kwa nini saa za mwanzo za ugonjwa au ajali zina thamani kubwa kuliko chupa yoyote ya sokoni.

UCHAFU WENYEWE UNATOKA WAPI

Ukikunja ngumi, misuli yako huvutwa na nyuzi za protini mbili, aktini na miosini. Aktini iligunduliwa mwaka 1942 na mwanasayansi Brunó Straub katika mji wa Szeged, Hungaria, alipokuwa akichunguza misuli. Baadaye ilijulikana kwamba aktini haiko kwenye misuli peke yake. Iko katika ini, ngozi, ubongo na hata katika chembe nyekundu za damu. Ndiyo inayoipa seli umbo lake, kama fito zinavyoipa nyumba ya udongo umbo.

Aktini ina tabia moja ya ajabu. Vipande vyake ni vidogo, mviringo, mfano wa shanga, lakini ni shanga zinazojitunga zenyewe. Zikikutana katika mazingira yanayofaa, moja hushika nyingine, ya tatu hushika ya pili, mpaka unapatikana uzi mrefu. Ndani ya seli jambo hili ni la manufaa, kwa sababu seli hutunga na kutungua nyuzi hizo kulingana na haja yake.

Shida huanza seli inapovunjika. Mtu akiungua moto, akiangukiwa na ukuta, akiumwa na mamba au akipata malaria kali, seli nyingi hupasuka na yaliyomo humwagika. Aktini huingia kwenye damu. Na maji ya damu, yaani plazma, yana chumvi ya kutosha kuziruhusu shanga hizo zijitunge kuwa nyuzi ndefu.

Mkulima wa mpunga wa Chara anajua maana yake. Mfereji ukiingiwa na magogo na magugu baada ya mafuriko, maji hayafiki shambani hata kama mto umejaa. Mishipa midogo ya damu katika mapafu na figo ni myembamba kuliko unywele. Nyuzi za aktini zikijikusanya humo, damu hupita kwa shida, na chembe zinazogandisha damu huweza kuamka na kutengeneza madonge pale ambapo hakuna jeraha la kuziba.

MKATAJI NA MCHUKUZI

Wa kwanza kati ya wasafishaji wetu ni protini iitwayo gelsolini. Iligunduliwa na Helen Yin na Thomas Stossel huko Boston, Marekani, na taarifa yao ilitoka mwaka 1979. Jina lake linatokana na kazi yake: hugeuza ute mzito wa seli uwe mwepesi. Baadaye ikafahamika kwamba mwili hutengeneza aina mbili za gelsolini kutoka kwenye jeni moja. Aina moja hubaki ndani ya seli, na nyingine hutolewa nje ili izunguke na damu. Ile ya kwenye damu hutoka hasa kwenye misuli.

Gelsolini ndiyo mkataji. Huushika uzi wa aktini ubavuni, huingia katikati ya shanga mbili na kuukata. Ikishakata haiondoki. Hubaki kwenye ncha iliyokatwa kama kifuniko, ili uzi usirefuke tena upande huo. Ili ifanye kazi inahitaji madini ya kalsiamu, na damu ina kalsiamu ya kutosha wakati wote. Kwa hiyo mkataji huyu yuko tayari saa yoyote, panga limeshanolewa.

Lakini kukata peke yake hakutoshi. Gogo la kawaida likikatwa vipande hutulia. Vipande vya aktini, kama tulivyoona, hujitunga upya. Hapo ndipo anapohitajika wa pili, mchukuzi.

Mchukuzi huyu aligunduliwa mwaka 1959 na Jan Hirschfeld wa Sweden, akaitwa Gc. Kwa miaka mingi haikujulikana kazi yake ni ipi. Mwaka 1975 ilibainika kwamba ndiye anayebeba vitamini D ndani ya damu, na mwaka 1980 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, wakaonyesha kwamba hushika pia aktini. Hutengenezwa na ini. Kila mchukuzi mmoja hubeba kipande kimoja cha aktini, hukikumbatia kisiweze kushikana na wenzake, na mzigo huo huondolewa kwenye damu upesi, hasa na ini.

Mtu anaweza kuuliza: kama mchukuzi huyu ana kazi ya kubeba vitamini D, atapata wapi nafasi ya kubeba aktini? Jibu ni kwamba wachukuzi ni wengi kuliko vitamini yenyewe. Kwa kawaida katika kila wachukuzi 100, wasiofika hata 5 ndio waliobeba vitamini D. Waliobaki huzunguka mikono mitupu.

Kwa vipimo, lita moja ya plazma ya mtu mwenye afya ina gelsolini kama miligramu 200 hadi 300, na mchukuzi kama miligramu 300 hadi 500. Ukikusanya gelsolini yote iliyo katika plazma ya mtu mzima haifiki hata uzito wa kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mwaka 1987 Paul Janmey na Stuart Lind walichapisha matokeo ya kupima uwezo wa damu ya binadamu wa kuvunja nyuzi za aktini. Damu ina uwezo huo, na ni mkubwa. Lakini una kikomo.

KAZI INAPOWAZIDI

Kikomo hicho ndicho kiini cha mazungumzo haya. Katika maabara, panya waliotiwa mshipani aktini nyingi kuliko uwezo wa wasafishaji wao walipata nyuzi na madonge katika mishipa ya mapafu, na wakafa. Kwa binadamu, madaktari wamepima damu ya watu walioumia vibaya katika ajali, walioungua sehemu kubwa ya mwili na walioingiwa na vijidudu kwenye damu. Katika makundi hayo gelsolini hupatikana imepungua, na kwa kawaida mgonjwa ambaye kiwango chake kimeshuka sana ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Mchukuzi naye hupungua baada ya majeraha makubwa, na pia ini linapoharibika, kwa kuwa ndiko anakotengenezwa.

Hapa panahitaji uangalifu. Kushuka kwa gelsolini si sababu pekee ya mgonjwa mahututi kufa. Kuna upungufu wa maji, kupoteza damu, vijidudu, na figo kushindwa. Ni kama mita ya maji pale kwenye daraja: haisababishi mafuriko, lakini inaonyesha mto umefika wapi. Tofauti ni kwamba mita hii yenyewe pia ni mfanyakazi, na ikipungua, kazi yake inabaki bila mtu.

MALARIA NA CHEMBE NYEKUNDU

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa delta moja kwa moja. Vijidudu vya malaria aina ya falsiparamu huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaliana humo, na kila baada ya saa 48 hivi huzipasua na kuingia katika nyingine. Kila mpasuko humwaga yaliyokuwa ndani, na chembe nyekundu zina aktini yake.

Mwaka 1988 kundi la watafiti lilichapisha taarifa kwamba wagonjwa wa malaria ya falsiparamu walikuwa na gelsolini ya chini kuliko kawaida katika damu yao. Watafiti hao wakauliza kama chanzo ni kule kupasuka kwa chembe nyekundu. Kwa mzazi wa Chara, hoja ya kushika ni hii: homa ya malaria inapoachwa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, haikai pale pale. Idadi ya vijidudu huongezeka kwa kila mzunguko, chembe zinazopasuka huongezeka, na mwili hutumia akiba yake yote ya kujisafisha. Mtoto aliyecheza asubuhi huweza kuzimia usiku. Aliyepimwa na kupewa dawa mseto siku ya kwanza hakufikishwa huko.

MAJIRANI ZETU WA KILIFI

Msidhani habari hizi ni za Boston na Ulaya tu. Mwendo wa saa chache kutoka Garsen, katika mji wa Kilifi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989. Watafiti wa kituo hicho wamemchunguza mchukuzi huyu katika damu ya watoto wa Afrika.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walipima vitamini D ya watoto 4,509 kutoka Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini. Watoto waliokuwa na kiwango cha chini ya nanomoli 50 kwa lita walikuwa asilimia 7.8. Walio chini ya 30 hawakufika hata mmoja katika 100. Waligundua pia kwamba mchukuzi ana maumbo tofauti yanayorithiwa kutoka kwa wazazi, na kwamba watoto wenye umbo liitwalo Gc2 walikuwa na vitamini D ya chini kuliko wenzao. Msimu wa mvua ndefu ulihusiana pia na kiwango cha chini.

Kwa hivyo tone la damu la mtoto wa pwani limesaidia dunia kumwelewa mchukuzi huyu. Mzazi anapoombwa ruhusa ili mtoto ashiriki utafiti, ana haki ya kuuliza maswali yote na ana haki ya kukataa. Lakini ajue kwamba maarifa ya namna hii hupatikana kwa watu kama yeye kukubali.

HAKUNA CHUPA YA KUWAONGEZA

Sasa turudi kwa yule mwenye kipaza sauti. Je, anaweza kukuuzia gelsolini? Hapana. Ni protini, na ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya samaki au maharagwe. Je, vidonge vya vitamini D vitaongeza wachukuzi? Hapana. Mwili hauongezi wachukuzi kwa sababu umemeza vitamini wanayoibeba. Mama mjamzito, kwa mfano, huwa na wachukuzi wengi kuliko kawaida kwa sababu ya homoni za ujauzito, wala si kwa sababu ya kidonge.

Gelsolini iliyotengenezwa maabara imeanza kujaribiwa na madaktari kwa kuitia mshipani, wakiwemo wagonjwa wa nimonia na wa COVID-19. Bado ni majaribio. Si dawa ya kawaida ya hospitali, na hakuna mchuuzi aliye nayo.

Wala ulaghai wa aina hii si wa masoko yetu peke yake. Nchini Uingereza kulikuwa na watu waliouza dawa waliyodai imetokana na protini hiyo hiyo ya Gc, wakiitangaza kuwa tiba ya saratani. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilifunga kiwanda chao karibu na Cambridge, kilichokuwa kikifanya kazi bila leseni. Wagonjwa walikuwa wametoa pesa nyingi. Jina la kisayansi kwenye chupa halikuifanya kuwa dawa. Hapa Kenya, chombo kinachosajili dawa ni Bodi ya Famasia na Sumu. Anayeuza dawa isiyosajiliwa hafai kupewa pesa zako, hata akiwa na kipaza sauti kizuri namna gani.

Kama wasafishaji hawaongezeki kwa chupa, kinachobaki ni kuwapunguzia kazi. Uchafu huja pale seli zinapovunjika. Zuia kuvunjika, au kuwahi kukusimamishe, na umewasaidia.

KINACHOWEZEKANA HAPA CHARA

Kwanza, homa. Mtoto au mtu mzima akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo au kabla ya saa 24 kupita. Mhamasishaji wa afya ya jamii ndiye mtu wa kwanza wa kumweleza. Dawa imalizwe hata kama homa imeshuka siku ya pili. Chandarua kitumike kila usiku, hasa maji yanapokuwa yamejaa mashambani. Mtoto mwenye homa anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayetetemeka kwa degedege au asiyeamka vizuri asisubiri kuche.

Pili, kuumwa na nyoka. Sumu ya bafe, ambaye wengine humwita moma, huharibu nyama za mahali alipouma na kuzunguka hapo. Aliyeumwa atulizwe na asitembee. Avuliwe pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Mguu au mkono utulizwe kwa kipande cha ubao na kitambaa, bila kukaza. Usifunge kamba ya kuzuia damu, usichanje kwa wembe, usinyonye jeraha. Kamba inayokazwa huua nyama iliyo chini yake, na nyama iliyokufa ni mzigo mwingine kwa wasafishaji tuliowataja. Abebwe kwa machela, mtumbwi au bodaboda akiwa katikati ya watu wawili, apelekwe kwenye hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Piga simu mapema kuuliza iko wapi.

Tatu, kuungua. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta, yai na majivu visiwekwe.

Nne, kuangukiwa na kubanwa. Ukuta uliolowa maji ya mafuriko huanguka bila kutoa taarifa. Aliyebanwa mguu au paja kwa muda mrefu anaweza kutolewa akiwa anazungumza vizuri, bila jeraha la wazi, na watu wakasema amepona. Msuli uliopondwa humwaga vitu vingi kwenye damu, na figo huweza kushindwa baadaye. Mkojo wake ukibadilika ukawa wa rangi ya chai ya mkandaa, hiyo ni dharura. Lakini asingojee mkojo ubadilike. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tano, njia. Wakazi wa hapa hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024. Barabara hukatika, na safari ya saa moja kwenda Garsen au Ngao huwa ya nusu siku. Ndiyo maana mpango wa safari ya mgonjwa unafaa kuzungumzwa leo, ardhi ikiwa kavu. Kila kijiji kijue ni mtumbwi wa nani utakaotumika, ni nani mwenye bodaboda, ni nani atakayepiga simu, na pesa ya mafuta itatoka wapi. Mkikubaliana katika baraza hili, hakuna mama atakayelazimika kuanza kutafuta mtumbwi usiku akiwa na mtoto mgongoni.

Wakazi wa Chara, kila mwenye afya ndani ya baraza hili ana mkataji na mchukuzi wanaofanya kazi sasa hivi, bila malipo wala matangazo. Hawahitaji kununuliwa. Wanahitaji kutoachwa peke yao siku kazi inapokuwa nyingi. Pesa ile iliyotengwa kwa chupa ya kusafisha damu iwekwe kwenye mfuko wa nauli ya wagonjwa wa kijiji. Hapo itakuwa imesaidia kusafisha damu kweli.

 Sasa ni wakati wa maswali, na wahamasishaji wa afya wako hapa kuandika majina ya wenye mitumbwi na bodaboda wa kila kijiji kabla hatujatawanyika.